Kuchonga tepa kwenye lezi ya nyumbani: mwongozo kamili kutoka karakana ya Uyole

Mzee mmoja kutoka Rujewa alinirudishia shafti ya mashine ya kukoboa mpunga niliyomchongea mwenyewe wiki mbili kabla. Aliiweka juu ya benchi ikiwa bado ndani ya gunia, akasema, "Kijana wangu, puli inazunguka peke yake." Nikamwambia, "Pole sana mzee, ngoja tuitazame." Kii, kile kipande cha chuma kinachofunga puli kwenye shafti, ilikuwa imekatika, nusu imebaki ndani ya mfereji. Kwenye tepa, yaani sehemu ya shafti inayopungua unene ambayo puli hukaa juu yake, kulikuwa na pete moja inayong'aa, upana wake kama sentimita moja, upande wa unene mkubwa. Sehemu iliyobaki ya chuma ilikuwa na rangi ileile ya siku niliyoitoa kwenye mashine. Puli nzima ilikuwa imeshikwa na sentimita moja kati ya tano, na kazi yote ya kuvuta mkanda ikaangukia kii.

Kosa lilikuwa langu. Niligeuza slaidi ya juu, ile sehemu inayobeba kisu na kugeuzwa kwa pembe, kwa kufuata alama za digrii zilizochorwa kwenye mashine, nikakata, nikaona puli inaingia na kukaza, nikaridhika. Tangu siku ile napanga tepa kwa saa ya kupimia (kipimo chenye sindano kinachoonyesha msogeo mdogo sana) na kuihakiki kwa wino, hata kazi iwe ndogo kiasi gani. Nawaandikia wenzangu wenye lezi ndogo nyumbani, yaani mashine ya kuzungusha chuma na kukichonga kwa kisu, maana huku kwetu kazi za namna hii ni nyingi: mashine za mpunga za Mbarali, za kusaga mahindi kila kijiji, za mbao kule Mafinga, za kahawa Mbozi. Puli na magurudumu mengi ya mashine hizi hukaa juu ya tepa.

Tepa inashikaje

Tepa ni shafti ya mviringo inayopungua unene kwa kiasi kilekile kila milimita ya urefu. Uwiano wa 1:10 maana yake kila milimita 10 za urefu, unene unapungua milimita 1. Ukiisukuma ndani ya tundu lenye uwiano uleule, nyuso mbili zinagusana pande zote kwa wakati mmoja, na msuguano ndio unaoshika. Tepa nyembamba, kama zile za Morse zinazokaribia 1:20, zikishaingia hazitoki mpaka uzigonge. Stephen A. Morse wa Marekani alizianzisha miaka ya 1860, na hadi leo ndizo zinazoshika drili na senta (ncha inayoshikilia mwisho wa shafti) kwenye mkia wa mashine yako, upande unaokabili taya zinazoshika chuma. Tepa pana, kama ile ya 7:24 kwenye mashine za kumilingi, hujiachia yenyewe, kwa hiyo lazima ivutwe kwa bolti. Ya 1:10 iko katikati: inashika vizuri, lakini puli iliyo juu yake hukazwa kwa nati mbele.

Msuguano huo unahitaji mguso wa uso mzima. Pembe ikikosewa kidogo tu, tundu linagusa ncha moja, na kii inabaki kubeba mzigo ambao haikuundwa kuubeba. Kazi ya kii ni kuizuia puli isiteleze siku mzigo ukizidi. Haipaswi kuwa ndiyo inayozungusha mashine kila siku.

Hesabu, kabla hujawasha mashine

Kwenye lezi unageuza slaidi kwa nusu ya pembe ya tepa, kwa sababu kisu kinakata upande mmoja na mzunguko unamaliza upande wa pili. Kuipata, toa unene mdogo kwenye unene mkubwa, gawanya kwa mara mbili ya urefu, kisha tafuta tanjenti ya kinyume kwenye kikokotoo cha simu.

Shafti ya yule mzee ilikuwa na milimita 30 upande mnene, 25 upande mwembamba, urefu 50. Tofauti ni 5. Gawanya kwa 100, unapata 0.05, na nusu-pembe yake ni digrii 2.86, yaani digrii 2 na dakika 51 na ushee.

Nyingine ninazozitumia mara kwa mara nimezibandika ukutani:

- 1:5, nusu-pembe digrii 5.71
- 1:8, digrii 3.58
- 1:16 (nyuzi za tepa za bomba la maji), digrii 1.79
- Morse namba 2, digrii 1.43
- 1:50 (pini za tepa za milimita), digrii 0.57

Sasa ona kwa nini alama za digrii hazitoshi. Mashine nyingi za nyumbani zina mstari mmoja kwa kila digrii, na jicho likiwa zuri sana litakadiria robo digrii. Kosa la robo digrii kwenye urefu wa milimita 50 linakupa tofauti ya milimita 0.44 kwenye unene wa ncha ya pili. Milimita 0.44! Beringi tunazipimia kwa sehemu za mia za milimita, halafu kwenye tepa turidhike na karibu nusu milimita?

Jambo jingine linalowatega wanaoanza: kwenye lezi nyingi sifuri ya slaidi ya juu iko pale slaidi inapoelekea kwako, kukingama na kitanda cha mashine. Ukitaka digrii 2.86 kutoka kwenye mstari wa shafti, alama utakayoisoma ni 87 na kidogo. Angalia kwanza sifuri ya mashine yako iko wapi.

Chuma chenyewe

Barabara kuu ya Tunduma inatupa shafti za ekseli za malori kwa bei ya chuma chakavu, nami nazitumia sana. Zina ubora, lakini uso wake mara nyingi umekomazwa kwa moto. Pitisha tupa: ikiteleza bila kuuma, kisu chako kitaungua. Ipashe moto mpaka iwe nyekundu, izike kwenye pipa la majivu makavu, iache ipoe usiku kucha. Mara nyingi asubuhi inakatika vizuri. Ikiwa bado inateleza chini ya tupa, tafuta kipande kingine.

Kimo cha kisu

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo tepa nyingi zinaharibika huku fundi akiilaumu pembe.

Ncha ya kisu lazima iwe kwenye kimo cha katikati ya shafti, sawasawa kabisa. Kwenye kazi ya kawaida ya mviringo, kisu kikiwa chini kidogo utarekebisha kwa kupima na kukata tena. Kwenye tepa hupati nafuu hiyo, kwa sababu kosa la kimo halilingani kila mahali: ni kubwa zaidi pale shafti ilipo nyembamba. Chukua tepa inayotoka nusu-kipenyo cha milimita 5 hadi 10, na kisu kiko chini kwa milimita 1. Pale ulipotarajia 5 utapata 5.10, na pale ulipotarajia 10 utapata 10.05. Uwiano umebadilika, na zaidi ya hapo ubavu wa tepa hauko tena kwenye mstari ulionyooka, umepinda ndani kidogo kama kiuno cha ngoma. Ukiusukuma kwenye tundu lililonyooka utagusa ncha mbili na katikati kutabaki wazi, na hakuna kugeuza slaidi kutakakoondoa hilo.

Namna rahisi ya kupata kimo: chukua rula nyembamba ya chuma, ibane taratibu kati ya ncha ya kisu na shafti ya mviringo, mashine ikiwa imezimwa. Rula ikisimama wima, kisu kiko katikati. Kichwa cha rula kikilalia upande wako, kisu kiko chini. Kikilalia ng'ambo, kisu kiko juu. Weka vipande vya bati chini ya kisu mpaka rula isimame. Kisha hakikisha kwa kupiga uso wa mbele wa kipande cha chuma, yaani kuuchonga bapa kwa kisu: kisipobakiza kichuchu katikati, umefika.

Kupanga slaidi kwa saa

Kwanza chonga kipande cha chuma cha mviringo chenye urefu wa kama milimita 80, bila kukitoa kwenye taya, ukipitisha kisu chepesi mwanzo hadi mwisho kwa gari la mashine, ile sehemu inayobeba slaidi na kutembea juu ya kitanda. Pima unene kwa maikromita ncha zote mbili. Vikilingana, una kipande kinachozunguka kwenye mstari wa mashine, kizuri kuliko shafti yoyote ya kununua ambayo taya zinaweza kuwa zimeishika kimshazari. Visipolingana, rekebisha mashine kwanza, usiendelee.

Funga saa ya kupimia kwenye kishika kisu, ncha yake iguse ubavu wa kipande kwa kimo cha katikati, ikielekea kwenye mstari wa mashine kwa pembe mraba. Funga gari kwenye kitanda. Geuza slaidi ya juu kwa kukadiria alama za digrii, kaza nati zake nusu.

Sasa hesabu. Slaidi ikitembea umbali fulani, saa itasogea kwa umbali huo mara saini ya nusu-pembe. Kwa 1:10, saini ni 0.0499, kwa hiyo ukiitembeza slaidi milimita 40, saa inapaswa kusogea milimita 2.00. Kwa Morse namba 2 ni milimita 1.00 kwa zile 40. Kwa 1:5 ni 3.98, hapa ukitumia tanjenti badala ya saini utapata 4.00 na utakuwa umekosea.

Anzia upande wa mkia, saa ikiwa imesukumwa ndani kama milimita 3. Zungusha mpini wa slaidi kuelekea taya ukihesabu mizunguko. Skurubu ikiwa ya milimita 2 kwa mzunguko, mizunguko 20 ni milimita 40. Kabla ya kuanza kuhesabu, rudi nyuma kisha songa mbele kidogo ili kumaliza pleyi (ulegevu) ya skurubu, halafu usirudi tena nyuma katikati ya kipimo. Slaidi inapokwenda kwenye taya, sindano inarudi. Ikirudi kwa 2.10, pembe ni kubwa mno, kwa 1.90, ni ndogo. Gonga slaidi taratibu kwa nyundo ya plastiki, pima tena.

Usikate tamaa mara ya tatu au ya nne. Mimi hufika ya sita. Na ukishapata 2.00, kaza nati, kisha pima tena, kwa sababu kule kukaza kwenyewe husogeza slaidi.

Ukiwa na shafti ya zamani ambayo tepa yake bado nzima, achana na hesabu. Ifunge kati ya senta mbili, tembeza saa juu ya ubavu wake kwa slaidi ya juu, na geuza slaidi mpaka sindano isimame tuli mwanzo hadi mwisho. Hakuna njia iliyo bora kuliko hiyo.

Kukata

Vaa miwani. Asubuhi za Juni na Julai huku Uyole baridi inatulazimisha makoti, lakini koti lenye mikono mipana, skafu na glavu havikaribii lezi inayozunguka. Washa jiko la mkaa nje ya mlango, ota moto, kisha ingia umekunja mikono.

Chonga kwanza shafti iwe mviringo wa milimita 30 mpaka mwisho, piga uso wa mbele, na weka alama ya kalamu ya maka pale tepa itakapoishia, milimita 50 kutoka ncha. Kwa kisu cha hai-spidi na chuma laini, kasi ya mita 25 kwa dakika inatosha. Kwa unene huo ni mizunguko kama 265 kwa dakika.

Kwa pembe ndogo kama hii slaidi ya juu inalala karibu sambamba na kitanda, na mpini wake hugonga mkia. Jaribu mwendo wote mashine ikiwa imezimwa. Nikihitaji senta, naitoa shafti nje zaidi na kutumia senta yenye shingo ndefu. Shafti fupi nene naichonga bila senta.

Gari libaki limefungwa. Kina unakipata kwa slaidi ya mkingamo, ile inayosogeza kisu kuingia na kutoka kwenye shafti, na kisu unakitembeza kwa mpini wa slaidi ya juu. Anza kwenye ncha nyembamba. Ukiingia nusu milimita, pasi ya kwanza, yaani mpito wa kwanza wa kisu, itakata milimita 10 tu za urefu kisha kisu kitatoka hewani chenyewe. Ndivyo inavyotakiwa. Rudisha kisu nyuma, ongeza nusu milimita, pasi ya pili itafika 20. Pasi tano zinakuleta karibu na alama, lakini kwenye ya tano usiingize nusu nzima. Bakiza 0.3.

Umeme ukikatika katikati ya pasi, usiuache urudi ukikute kisu kimezama kwenye chuma. Zima swichi, rudisha kisu, subiri.

Pasi ya mwisho inataka mikono miwili kwenye mpini, mmoja ukipokea kutoka kwa mwingine bila kusita, maana kila mahali unaposita panabaki pete. Kisu kiwe kimenolewa upya na ncha yake imeviringwa kidogo. Paka mafuta. Msasa usiutumie kurekebisha pembe: unakula ncha na kuacha katikati.

Wino

Acha shafti ipoe kabla ya kuijaribu. Chuma chenye unene wa milimita 30 kikipata joto la digrii 30 zaidi kinanenepa kwa sehemu moja ya mia ya milimita, na kwenye tepa ya 1:10 hiyo inaisogeza puli nje kwa sehemu moja ya kumi ya milimita. Asubuhi ya baridi, puli iliyolala sakafuni na shafti iliyotoka kwenye kisu si vitu vya kulinganishwa.

Pangusa tundu la puli kwa kitambaa safi. Chora mistari mitatu myembamba ya wino wa buluu kwa urefu wa tepa, kila mmoja theluthi ya mzunguko kutoka kwa mwenzake. Wino wa kupimia ukikosekana, kalamu ya maka inafaa, ila inakauka haraka. Ingiza puli kwa mkono, isukume taratibu, izungushe robo mzunguko mara moja, itoe moja kwa moja.

Mistari ikifutika upande mnene tu, pembe ya shafti ni kubwa mno. Ikifutika upande mwembamba tu, pembe ni ndogo. Ikifutika ncha zote mbili na katikati imebaki, rudi kwenye kimo cha kisu. Ikifutika mstari mmoja na mingine miwili imebaki, tundu la puli au shafti haliko duara, au uchafu umebaki ndani. Mimi siitoi kazi mguso ukiwa chini ya robo tatu ya urefu, na ikiwa mguso umeelemea kidogo upande mnene siupingi.

Ndiyo maana nilikuambia ubakize 0.3: kama pembe imekosea bado una chuma cha kurekebishia. Gonga slaidi kidogo, pita tena, paka wino tena. Pesti ya kusagia valvu wengine huipenda. Nami naitumia pale mguso umeshazidi robo tatu, dakika moja tu, kisha naosha kila kitu kwa mafuta ya taa. Ukiitegemea kusahihisha pembe itachimba ngazi kwenye tundu.

Pembe ikikubali, kinachobaki ni kina. Ingiza puli mpaka ikaze kwa mkono na pima umbali uliobaki hadi pale inapotakiwa kukaa. Kwa 1:10, kila milimita ya umbali ni sehemu moja ya kumi ya milimita ya unene. Puli imesimama milimita 4 kabla ya mahali pake? Ondoa 0.4 kwenye unene, yaani 0.2 ya kuingiza kisu. Jua namba za slaidi yako ya mkingamo zinasoma unene au kina, kwa sababu baadhi ya mashine huandika unene. Na hakikisha puli ikikazwa haigusi bega la shafti. Acha angalau milimita 1. Ikigusa bega, nati inakaza bega na tepa inabaki imelegea, hata kama wino ulikuwa mzuri.

Tepa ndefu na tepa za ndani

Slaidi ya juu ya lezi ya nyumbani inatembea milimita 60 au 70 hivi. Tepa ndefu kuliko hapo na yenye pembe ndogo inachongwa kati ya senta mbili, mkia ukiwa umesogezwa kando. Kiasi cha kusogeza ni nusu ya tofauti ya unene, mara urefu wote wa shafti, gawanya kwa urefu wa tepa. Shafti ya milimita 300, tepa ya 120 kutoka 30 hadi 26: nusu ya 4 ni 2, mara 300, gawanya kwa 120, unapata milimita 5. Faida yake ni kwamba gari linatembea lenyewe na uso unatoka mzuri sana. Hasara ni kwamba senta zinakaa kimshazari kwenye mashimo na kuyala, kwa hiyo paka grisi na tumia senta yenye ncha ya duara kama gololi ukiweza. Kazi ikiisha, mkia urudi mahali pake siku hiyohiyo, na uhakikishe kwa kuchonga kipande na kupima ncha mbili.

Tundu la tepa linachongwa kwa slaidi ya juu vilevile, ila kisu cha ndani hupinda, kwa hiyo pita mara mbili au tatu bila kuongeza kina. Kimo cha kisu hapa ni kikali zaidi kwa sababu matundu ni membamba. Kwa tundu la Morse namba 2 nachonga kwanza, kisha namalizia kwa rima ya Morse, kifaa cha kukatia na kulainisha tundu, kwa mkono.

Shafti mpya ya yule mzee ilikwenda Rujewa na mistari mitatu ya wino iliyofutika karibu mwanzo hadi mwisho. Nilimwonyesha kabla ya kupangusa. Tulifunga puli tepa ikiwa kavu kabisa, bila grisi, nati tukaikaza. Nikamwomba aendeshe mashine saa moja bila mpunga mwingi, aizime, akaze nati tena. Alinipigia jioni: nati ilikubali robo mzunguko, kisha ikagoma.